Mbuzi wa Msiba wa Mama

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Anselme,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikufikie huko Winnipeg kabla baridi haijaanza kukung'ata masikio. U hali gani? Mgongo wako uliokuwa unakusumbua kazini umepona? Mkeo Patricia hajambo, na mtoto ameanza kutembea? Mwambie shangazi yake anamdai picha akiwa amesimama, si ile ya kukalishwa kwenye mito.

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Ingrid ameanza mwaka wa mwisho wa sekondari na amerefuka mpaka nguo za mwaka jana zimekuwa za kufutia meza. Baba yake bado anafanya kazi Rumonge, anarudi mwisho wa mwezi. Mimi malaria ilinipitia mwezi wa saba, ikaniacha na masikio yanayovuma, lakini nimerudi kiwandani. Bado tunafunga sabuni pale Zone Industrielle, na nikitoka jioni nanukia kama bibi harusi, ingawa miguu ni ya punda.

Miguu nasema kwa sababu ya uhaba wa mafuta ya magari. Hali ni ile ile uliyoiacha, tena imeongeza ndevu. Mabasi ni machache, watu wanatembea, magari yanalala foleni siku mbili tatu. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, vumbi la kiangazi likatulia, basi angalau tunatembea bila kukohoa.

Nakuandikia saa nne asubuhi, saa ambayo ningepaswa kuwa nimevaa joho la kwaya ya wamama. Siko kanisani. Ukisoma mbele utaelewa kwa nini, na nakuomba usome yote kabla ya kushika simu kunituliza. Sitaki kutulizwa. Nina hasira, Anselme, na safari hii naona hasira yangu ina haki.

Uliniuliza kwa nini jirani yetu Papa Massoudi na mkewe Mama Asiya hawaonekani kwenye picha hata moja ya siku tuliyoondoa msiba wa Mama. Nikakujibu kwamba walikaa upande wa jua, mpiga picha hakufika huko. Nilikudanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia leo. Picha zilipopigwa, wazee wale walikuwa njiani wanarudi Buyenzi kwa miguu, na hawakuwa wametia kitu kinywani kwetu tangu asubuhi.

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ningelia, na kwenye kundi la familia kuna masikio mengi. Barua hii nampa Carmen, binti wa mwalimu wetu wa zamani, anayesafiri Ijumaa. Mpikie chakula akifika, usimpe mkate na chai.

Wewe ulikuwa mdogo, kwa hiyo ngoja nikukumbushe mambo ya ua huu. Tangu nipate akili, hapa kwetu mbuzi hakuchinjwa na mkono mwingine ila wa Papa Massoudi. Krismasi, Pasaka, ubatizo wako, première communion, ile komunyo ya kwanza, ya kaka Révérien, harusi yangu mimi. Hakuna aliyemwita. Mama alikuwa anafunga mbuzi kwenye nguzo ya jikoni, na Papa Massoudi akisikia analia ng'ambo ya ukuta, anaacha gari alilokuwa akilitengeneza, ananawa grisi, anakuja na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Kaka Révérien ndiye aliyekuwa anashika miguu kwa kuwa mkubwa wetu, na kila mara alifumba macho. Shingo ilikuwa ya mchinjaji. Nyama iliyobaki ilikwenda kwenye sufuria moja, na barabara nzima, watu wa msikiti na watu wa parokia, walikula bila kuulizana.

Mama alikuwa na usemi wake: nyumba yenye sufuria mbili ina wageni wa aina mbili. Hakusoma teolojia mahali popote. Alikuwa na rozari yake na kiti chake kanisani, na aliona tu kwamba haiwezekani umwalike mtu halafu umpikie asichoweza kula.

Na mwaka ule wa ville morte, mji ulipofungwa na watu wakawa wanawindana kwa makabila, wanaulizana vitambulisho kwa macho, tulilala kwao siku tisa. Mama, Révérien, mimi na wewe, chumba cha nyuma, mlango ukiwa umezibwa kwa kabati. Papa Massoudi alikaa mlangoni kwake na spana mkononi kama anayesubiri mteja. Wewe ulikuwa na miaka minne, ulilia kwa homa, Mama Asiya akakubeba mgongoni usiku na mchana ili sauti yako isitoke nje. Tulikula alichochinja yeye. Hakuna pepo aliyetuingia, ila shibe. Na aliyekula kuliko wote, hadi kulamba sahani, ni huyo huyo kaka yetu ambaye leo ni mzee wa kanisa.

Sasa sikia. Mwezi wa nane, wakati wa kupanga levée, siku ya kuondoa msiba wa Mama, kaka alisema sherehe ifanyike kwake Kigobe kwa sababu ua ni mkubwa na kuna mahali pa kuegesha magari. Nilitaka ifanyike hapa, nyumbani kwa marehemu, penye nguzo yake na jiko lake. Lakini yeye ni mkubwa, nikanyamaza. Halafu akaweka ujumbe kwenye kundi letu la Watoto wa Mathilde. Nenda kautafute, bado upo, tarehe kumi na tisa Agosti. Unaanza na Shalom, unafuata Bwana asifiwe, halafu alama sita za mikono ya kuomba, halafu mstari mrefu kama foleni ya mafuta. Katikati ya ujumbe ule, mahali ambapo macho yameshachoka, ameandika kwamba Mchungaji wa kanisa hili tulilohamia mimi na yeye amefundisha kuwa nyama inayochinjwa kwa kuelekezwa Maka ni sadaka ya sanamu, hivyo mbuzi wa Mama watachinjwa na mashemasi, ili familia ionyeshe msimamo.

Watu kumi na wanane wamo kwenye kundi lile. Tulijibu Amina. Mimi niliandika Amina saa ya mapumziko, nimesimama karibu na mashine, mkono mmoja una mkate. Nilisoma mistari miwili tu. Wewe uliweka kidole gumba. Sikulaumu peke yako, nalaumu ugonjwa wetu sote: siku hizi mtu akitanguliza Bwana asifiwe, sisi tunaitika Amina kabla hajafika mwisho. Angeweza kuandika kwamba tumeuza nyumba ya Mama, tungeitika vile vile.

Jumamosi ile ya tarehe thelathini nilifika Kigobe saa moja asubuhi na Ingrid, nikakuta mbuzi watatu wameshachunwa, wananing'inia nyuma ya nyumba. Nikamwuliza mpishi nani kachinja. Akanishangaa, akasema mashemasi, alfajiri, si mlikubaliana wenyewe? Nikatoa simu, nikapandisha ujumbe juu, nikakuta Amina yangu. Anselme, ilinitazama kama mtoto niliyemkana.

Hapo ndipo ningetakiwa kusema. Sikusema. Nilijiambia ni siku ya Mama, pasiwe na fujo. Nilijiambia labda Papa Massoudi hatakuja mapema. Tazama ujinga wangu: mzee wa miaka sabini na miwili, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini hajawahi kusubiri kualikwa ndipo aje na kisu, nilidhani siku ya rafiki yake Mathilde ndiyo atachelewa.

Saa mbili na nusu alikuwa getini. Walitoka Buyenzi alfajiri, yeye na Mama Asiya, kwa miguu kwa sababu basi hakuna, tena kabla kazi za pamoja za Jumamosi hazijafunga njia. Alivaa kanzu nyeupe na kofia aliyovaa siku ya kumzika Mama. Vijana wa protocole, wenye suti nyeusi na waya sikioni kama tunalindana na majambazi, wakafungua mfuko wake wakakuta kisu. Kelele ikaanza. Mzee anaingia na silaha kwa kiongozi! Wakamnyang'anya, wakakiweka kwenye kibanda cha mlinzi. Kisu kilichochinja mbuzi wa komunyo ya Révérien, kilizuiliwa kwenye geti la Révérien.

Kaka akaja mbio, anacheka cheko lile la watu wa ofisini. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimebeba sahani, na nilisikia kila neno.

“Kazi ilishaisha, papa,” akamwambia. “Tulitafuta Muislamu mwenzenu hapa karibu, njo yeye alichinja. We pumzika tu leo.”

“Ni nani huyo?” Papa Massoudi akauliza, kwa kuwa anawajua wote.

“Wa hapa hapa. Hautamujua.”

Mzee akaitikia vizuri, akamshukuru kwa kumpumzisha. Alifurahi, Anselme! Alidhani wamemwonea huruma uzee wake. Na mimi na sahani zangu nikapita.

Tangu saa ile hadi saa saba mchana nilikuwa na uongo wa kaka yangu kinywani mwangu. Mchungaji alihubiri saa nzima. Alihubiri juu ya msimamo, juu ya kujitenga na machukizo, na kila aliposema machukizo alitupa jicho upande ule wa kofia mbili tatu za majirani zetu wa Buyenzi. Watu wakapiga makofi. Katika saa nzima ile hakumtaja Mama ila mara moja, na jina akalikosea, akamwita Marthe. Mama yetu aliyemfulia Papa Massoudi mashuka alipolazwa na kipindupindu, hakustahili hata jina lake siku ya msiba wake kuisha.

Chakula kikaja. Wasichana wakapitisha sahani: wali, ndizi, mboga za lengalenga, na juu yake vipande vya nyama. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama Asiya. Nilimwona akipokea, akamega, akasema bismillahi kwa sauti ndogo kama anavyofanya siku zote, na mkono ukaanza kupanda.

Sikufikiri tena. Nilimdaka kifundo cha mkono, wali ukamwagika kwenye leso yake.

“Mama Asiya, apana! Usikule. Hii nyama haikuchinjwa na Muislamu. Walichinja mashemasi. Walikudanganya, na mi nilijua.”

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, au labda Mama alinikopesha sauti. Muziki ulikuwa umezimwa. Mahema mawili yote yalisikia. Jirani zetu wengine, waliokuwa wameshaanza, walitema kwenye viganja vyao. Mmoja wao alikuwa ameshameza. Alitoka nje akashika ukuta, na hadi leo sijajua nimwambie nini mtu huyo.

Papa Massoudi aliweka sahani chini taratibu. Akamtafuta kaka kwa macho.

“Révérien, mtoto yangu. We ulinidanganya mu nyumba yako?”

“Papa, ni kosa ya wapishi…”

Uongo juu ya uongo, mbele ya Mchungaji wake, na Mchungaji akanywa Fanta. Mzee aliomba maji, akanawa, Mama Asiya akanawa, wakasimama. Hakugombana na mtu. Getini alidai kisu chake, wakamrudishia, akakifunga tena kwenye gazeti lake. Nilitaka kuwafuata. Kaka akanishika bega akasema nisiongeze aibu, hotuba ya familia inaanza. Nami nikabaki, nikapigwa picha. Ndiyo ile unayoisifu kwamba nimependeza.

Kesho yake Ingrid alikuwa anachambua mchele ule ule mara ya tatu, nikajua kuna kitu kinachemka. Mwisho akaniuliza: “Mama, kumbe Mungu yetu anaogopaka mbuzi?”

Nilitaka kumgombeza, nikavuta kigoda nikachambua naye. Mtoto niliyembatizisha, niliyemfundisha kusali kabla ya kula, ameketi mezani kwa Mama Asiya tangu anyonye, na rafiki yake wa moyo ni Soumaya, mjukuu wao. Nimejitahidi miaka kumi na saba aone kwamba imani si jambo la Jumapili, ni namna ya kumpa mtu maji, ya kusema kweli, ya kurudisha bakuli la jirani likiwa na kitu ndani. Siku moja ya Kigobe imemfundisha kwamba Mkristo anaweza kumdanganya mzee wa kanzu nyeupe kuhusu chakula anachotia kinywani, kisha akaomba maikrofoni na kufunga kwa sala. Nani atalifuta hilo? Mchungaji?

Jumatano iliyofuata Mchungaji aliniita ofisini. Jina lake sikutajii, karatasi hupotea. Hakuniuliza kilichotokea. Aliniambia nimeliaibisha kanisa mbele ya watu wa nje, na kwamba nitasimama mbele ya ushirika nitubu, la sivyo nitakaa pembeni, kwaya hakuna, meza ya Bwana hakuna. Nikamwuliza kama na kaka yangu atatubu ule uongo. Akasema ule ulikuwa hekima ya kuepusha fujo.

Hekima! Katika zile amri kumi kuna ng'ombe wa jirani na punda wa jirani. Mbuzi aliyeelekezwa kibla sijamwona. Lakini uongo umo, na jirani yumo. Tena Mtume alipowaandikia Wakristo wa kwanza habari hii hii ya nyama, aliona afadhali aache kula kuliko kumkwaza mwenzake mwenye dhamiri. Hakusema mpikieni mnyamaze. Nilimwambia Mchungaji hivyo hivyo. Akaniambia mwanamke asiyetii huharibu nyumba kwa mikono yake. Nikamwambia nyumba ninayoilinda ina ukuta mmoja na ya Massoudi, hivyo naijua vizuri kuliko yeye.

Na usidhani ni jambo la nyama tu. Ni huku kupenda kuonekana wasafi huku tunawakanyaga watu. Mwezi wa saba kaka alisimama madhabahuni akashuhudia kwamba Bwana amempa tangi zima la mafuta bila foleni. Kanisa likapiga vigelegele, na mimi nikapiga, ole wangu. Dereva wa kiwanda chetu alilala kwenye foleni ile siku tatu. Bwana hakumpa kaka mafuta. Alipewa na rafiki mwenye cheo, na mtu fulani aliyekuwa anafuata akaambiwa yamekwisha. Tunaita neema kile ambacho mwingine angefanya tungemwita mwizi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Samahani kwa maneno hayo ndani ya barua. Mama angenifinya.

Nimekaa wiki tatu nikijipa sababu za kutokwenda nyumba ya pili. Mara nimechoka kutoka kazini, mara mvua. Mama Asiya ananisalimia ukutani kama kawaida, ila bakuli halipiti tena. Unajua bakuli lile la bati lenye ua jekundu, linalokwenda na wali wao na kurudi na maharage yetu? Lipo kwangu tangu wiki ile ya Kigobe. Siwezi kulirudisha tupu, na kila ninachopika najiuliza kama bado watakubali kukila.

Jana jioni nilikwenda. Nilikwenda mikono mitupu, nikapiga magoti kwenye kizingiti kama mtoto. Papa Massoudi alikuwa anasafisha plagi ya pikipiki ya mtu. Akaniambia niinuke, nitachafua kitenge. Nikamwambia yote, pamoja na ile Amina. Nilimwambia kwamba nilijua tangu saa moja asubuhi, na kwamba alipomshukuru Révérien nilikuwa hatua tano tu. Mama Asiya akalia. Mzee hakulia. Alifuta plagi muda mrefu, halafu akasema maneno ambayo yananizuia kulala.

“Candide, mi sikukasirika. Lakini mi sikukula kwa Mathilde. Nyinyi mulikula, mulinawa mikono, kilio ikawatoka. Mi hakuna mutu alinitoa. Mi niko bado mu kilio.”

Anselme, unaelewa alichosema? Tulikusanya mahema mawili, viti mia mbili, maikrofoni na protocole, ili kuwaruhusu waliomlilia Mama waache kulia, wale pamoja, warudi kwenye maisha yao. Na mtu mmoja aliyekaa kando ya kitanda chake kila jioni kwa miezi minne, ambaye mkewe alimwogesha Mama wakati kaka anakuja Jumapili dakika kumi na tano na viatu vyake miguuni, ndiye tuliyemwacha ndani ya msiba. Tumemfungia mlango kwa nje. Basi Mama hajaondolewa msiba. Kilichofanyika Kigobe kilikuwa karamu.

Kwa hiyo nimeamua, na sikuombi ruhusa, nakuarifu. Jumamosi tarehe nne Oktoba tutaondoa msiba wa Mama hapa Buyenzi, uani kwake. Mbuzi mmoja, nimeshampata kwa mfugaji wa Ruziba, analetwa Ijumaa. Atafungwa kwenye nguzo ile ile. Sufuria moja. Hakuna mahema. Yule jirani aliyemeza nimemwendea leo asubuhi kabla ya kukaa kuandika. Hakunifungulia, lakini mkewe alisema atamweleza.

Kanisani wanataka nitubu. Nitatubu, kwa nini nisitubu? Nitasimama mbele ya ushirika Jumapili ijayo na kutubu ile Amina niliyoiandika bila kusoma, na zile saa sita nilizobeba sahani nikiwa nimenyamaza. Hayo ndiyo madhambi yangu. Ule mkono nilioudaka siutubu, wakinifukuza na wanifukuze. Nilianza kusali kwenye parokia ya Mama, njia naikumbuka.

Kwako nataka mambo mawili, wala usifungue pochi. Mpigie Papa Massoudi, wewe mwenyewe, kwa sauti yako, umwite baba. Mgongo wa mkewe ndio uliokunyamazisha ukiwa na miaka minne, basi sasa una thelathini na minne, sema. Na la pili, kile kidole gumba ulichokiweka pale kwenye kundi, kakiondoe hadharani, uandike kwa nini. Ndugu wa mbali ana udhuru wa kutokuwapo, lakini hana udhuru wa kukubali.

Nilipomwambia Papa Massoudi tarehe, alikubali kwa kichwa. Hakuweka sharti lolote, hakuomba kuombwa radhi na mtu. Aliniuliza swali moja tu, kama fundi anayeuliza vifaa: “Nani atashika miguu?”

Unajua ni nani aliyekuwa anashika miguu.

Basi leo alfajiri nililiandika swali lile kwenye kundi, bila Shalom, bila Bwana asifiwe, bila mikono ya kuomba. Niliandika hivi: Tarehe nne Oktoba, nyumbani kwa Mama. Papa Massoudi anachinja. Anauliza nani atashika miguu ya mbuzi. Nimetazama simu sasa hivi kabla ya kumalizia ukurasa huu. Wote wamesoma, kaka Révérien akiwa wa kwanza. Safari hii hakuna aliyeandika Amina.

Nisalimie Patricia sana, na umbusu mtoto kwenye kisogo, mahali Mama alipokuwa anatubusu sisi. Ingrid anakusalimu, anasema ukipata kitabu cha hesabu kizuri umkumbuke. Soumaya naye anakusalimu. Nilimwuliza kama niandike, akasema andika. Mungu wa Mama yetu, ambaye hakuwahi kuhitaji kulindwa na uongo wa mtu, akufunike huko ugenini, akupe majirani watakaosikia mbuzi wako akilia ng'ambo ya ukuta.

Mimi dada yako akupendaye, niliye bado kwenye kilio pamoja na Papa Massoudi,

Candide